Agano la Mungu na Israeli si hati ya kibanja

Julai 2026 inatimiza miaka 50 tangu makomando wa Israeli waliposhuka Entebbe, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, wakawatoa mateka wa ndege ya Air France waliokuwa wamefungiwa katika jengo la zamani la abiria. Kumbukumbu hii ina mahubiri yake, na hapa Mbale nimeyasikia redioni, kwenye mikesha na hata ndani ya taksi: Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, alimlaani Israeli, Mungu naye akamlaani Amin, na haikupita miaka mitatu akaikimbia nchi. Kutoka hapo mhubiri huvuka hatua moja tu. Uganda ikisimama na Israeli itabarikiwa. Na wewe ukipeperusha ile bendera yenye nyota ya Daudi, ukaleta na bahasha yako madhabahuni, umeingia katika agano la Ibrahimu. Watu wema, wenye imani ya kweli, wanaitikia amina.

Sipingi kumbukumbu, wala sipingi mtu kulipenda taifa ambalo kwa maandiko yake tulimjua Mungu. Ninachopinga ni maana iliyopachikwa neno agano. Agano la Mungu na wana wa Israeli halijafutwa, wala kanisa halikulirithi kama mali ya marehemu. Wakati huohuo, agano hilo halikuwahi kuwa chombo cha kuvutia baraka kwa yeyote anayejua maneno ya kutamka. Ni undugu wa kiapo, na undugu wa kiapo huja na madai: madai ya kibarua juu ya ujira wake, ya mgeni juu ya mlango wako, ya mjane juu ya shamba lake. Wanaotangaza kwamba wameingia katika agano huku madai hayo wakiyaacha nje wanatangaza kitu ambacho Musa asingekitambua.

Neno lenyewe linachangia kutupotosha. Katika Biblia ya Kiganda agano ni endagaano, na endagaano ndilo neno la kila siku mtu anaponunua kibanja, yaani kipande cha ardhi: karatasi, mashahidi, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na muhuri wake, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki. Hata mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 kati ya Uingereza na Buganda, ule uliowagawia machifu ardhi ya mailo na kuwafanya wakulima wengi kuwa wapangaji juu ya udongo waliozaliwa, kwa Kiganda ni endagaano. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikuwa mtoto mdogo. Wakubwa walitia saini kwa niaba yake. Basi mtu wa Uganda akisikia agano, anasikia hati, na kazi ya hati ni kumpa mwenye nayo haki ya kudai. Nimelipa, nipe changu. Lakini tuna neno jingine, la zamani zaidi, linalokaribia sana kile ambacho Maandiko yanasimulia, nalo ni omukago. Watu wawili walipasua tunda la kahawa, kila mmoja akaipaka nusu yake damu ya mwili wake, wakabadilishana na kumeza. Tangu hapo walikuwa ndugu, na mtoto wa mmoja alikuwa na haki ndani ya nyumba ya mwingine. Waganda husema okutta omukago, yaani, neno kwa neno, "kuua" omukago. Waebrania nao, agano "hulikata". Kwa wote wawili kuna damu ndani ya kitenzi. Na Wagisu, ambao huwatahiri vijana wao katika imbalu, hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jinsi jeraha la mwilini linavyoweza kumfunga mtu kwa watu wake maisha yote.

Ukisoma Mwanzo 15 kwa macho ya omukago, sura inafunguka. Abramu anawapasua wanyama katikati na kuvipanga vipande vikielekeana. Desturi ilikuwa kwamba wanaoapa hupita katikati yake, kana kwamba wanasema: nikivunja neno langu, yanipate yaliyompata mnyama huyu. Yeremia 34 inaikumbuka desturi hiyo. Lakini usiku ule Abramu amelala usingizi mzito, na kinachopita kati ya vipande ni tanuru ya moshi na mwenge unaowaka. Mungu alipita peke yake. Abramu hakuapa, hakulipa, hakutoa arubuni. Ndiyo maana Paulo, katika Wagalatia 3, anashikilia kwamba Torati iliyokuja miaka 430 baadaye haiwezi kulitangua agano lile. Ndipo inapokuja Sinai, na hapo Israeli nao wanaapa. Katika Kutoka 24 Musa anasoma kitabu cha agano, watu wanaitikia kwamba watayatenda yote, nusu ya damu inakwenda madhabahuni na nusu inanyunyizwa juu yao. Mfuatano huo una uzito wake: walitolewa Misri kwanza, amri zikafuata. Amri Kumi zenyewe zinaanza kwa kuwakumbusha nani aliyewatoa katika nyumba ya utumwa. Kutii kulikuwa namna ya kuishi ya watu waliokwisha kuokolewa. Na sababu ya kuchaguliwa kwao imetajwa katika Kutoka 19, kwamba wawe ufalme wa makuhani. Kuhani husimama mbele za Mungu kwa ajili ya wengine; taifa la makuhani limechaguliwa kwa faida ya mataifa yaliyo nje ya ua.

Sasa weka picha hiyo kando ya mikesha yetu ya tarehe 31 Desemba, ambayo Uganda nzima huiita Pasova, yaani Pasaka ya Kiyahudi kwa Kiingereza, jina tulilolichukua kwa Waisraeli bila hata kuliuliza linatoka wapi. Mwaka mmoja nilikesha katika kanisa moja la kilokole. Mhubiri alisoma Kumbukumbu la Torati 28 kwa sauti iliyotikisa mahema: utabarikiwa mjini, utabarikiwa mashambani, utakuwa kichwa wala si mkia. Alipomaliza aya ya 14 aliifunga Biblia, na bahasha za sadaka ya agano zikaanza kupita. Sura ile ina aya 68. Zile 14 za mwanzo ni baraka. 54 zinazobaki ni laana, na laana hizo zinawalenga watu wa agano wenyewe, wala hakuna hata moja iliyoelekezwa kwa maadui zao. Sura ya 27, inayoitangulia, haisomwi kabisa, nayo ndiyo inayomtaja anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake, anayempoteza kipofu njiani, na anayepotosha hukumu ya mgeni, yatima na mjane. Katika nchi ambamo kesi za mipaka ya ardhi zinakula familia vizazi viwili, aya kuhusu alama ya mpaka ingeweza kuhubiriwa kila Jumapili ya mwezi. Wanawake wa soko waliokuwa mbele yangu waliondoka wameshika nusu ya maneno ya Musa, ile nusu iliyowatoa fedha.

Wapo wanaoyajibu mahubiri ya namna hii kwa kukata mzizi wenyewe: agano la Israeli limekwisha, kanisa ndilo Israeli mpya, basi tuachane na habari za Wayahudi. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Waebrania 8 inaliita agano la kwanza kuukuu. Yesu mezani, katika Luka 22, anazungumza juu ya agano jipya katika damu yake. Na baraza la Yerusalemu, katika Matendo 15, lilikataa kuwabebesha watu wa mataifa tohara na Torati yote. Kama lingeamua vinginevyo, hakuna Mganda, Mteso wala Mlugbara ambaye angefika kwa Kristo bila kuwa Myahudi kwanza. Hayo yote nayakubali. Ila Yeremia 31, ambako ahadi ya agano jipya inatoka, inasema wazi kwamba litafanywa na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, na kitakachoandikwa mioyoni ni sheria ileile ya Mungu. Paulo, aliyepigania uhuru wa mataifa kuliko mtume yeyote, alipofika katika Warumi 11 aliona hatari ya wafuasi wake kuanza kujivuna, akawaita matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Aya chache mbele anaongeza: "Kwa sababu karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake."

Huu kwangu ndio msingi wa mjadala mzima, na ninashangaa unavyopitwa haraka. Kama Mungu aliapa kwa Ibrahimu, akapita peke yake kati ya vipande, kisha akachoka na wazao wake akawaacha, mkristo wa Mbale anategemea nini? Ametubu mara ngapi na kuanguka mara ngapi tangu mwaka jana? Uaminifu wa Mungu kwa Israeli wakaidi ndio dhamana pekee ya uaminifu wake kwa kanisa kaidi. Marcion, katika karne ya pili, alijaribu kumtenga Mungu wa Yesu na Mungu wa Israeli, na kanisa la kwanza likamkataa, maana liliona kwamba akishinda yeye hakuna ahadi itakayobaki salama. Baadaye kanisa la Ulaya lilisahau somo hilo, na karne nyingi za kuwaita Wayahudi watu waliotupwa ziliandaa njia ya maovu yanayojulikana. Kanisa Katoliki lilisahihisha mafundisho yake katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1965, likitamka kwamba Wayahudi wangali wapendwa wa Mungu kwa ajili ya baba zao. Makanisa yetu ya Uganda yaliletewa Biblia pamoja na baadhi ya madharau ya Wazungu juu ya Wayahudi, na hadi leo utasikia mwalimu wa shule ya Jumapili akisema "Wayahudi walimwua Yesu" kana kwamba anataja jina la mto. Kwa hiyo wanaopeperusha bendera wana jambo moja jema mkononi: wanakataa dharau hiyo. Wanashukuru. Shukrani kwa shina ni agizo la Paulo.

Udhaifu wao uko katika kanuni waliyoitoa kwenye Mwanzo 12:3 na kuifanya hesabu: bariki Israeli upate, laani Israeli upatwe. Ushahidi wao mkuu ni Amin, basi tuuchunguze. Mwaka 1971, baada ya kumpindua Rais Obote, Amin alikuwa rafiki mkubwa wa Israeli. Alivaa kifuani beji ya mabawa ya parachuti ya jeshi la Israeli, na mwezi Julai mwaka huo ziara yake ya kwanza nje kama rais ilimpeleka huko. Ni mwaka huohuo ambapo askari wa Kiacholi na Kilango walichinjwa kambini. Kwa kanuni ya bendera, Amin wa 1971 alikuwa upande wa baraka huku damu ikitiririka Mbarara na Jinja. Aliwafukuza Waisraeli mwaka 1972, akapokea watekaji nyara mwaka 1976, akaanguka mwaka 1979. Nani aliyemwangusha? Majeshi ya Tanzania, pamoja na raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni, baada ya yeye kuivamia Kagera, ndani ya Tanzania, mwaka 1978. Nayo Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1973, na Mwalimu Nyerere alikuwa mtetezi wa wazi wa Wapalestina. Kanuni ikifuatwa kwa uaminifu, Tanzania ndiyo iliyopaswa kushindwa. Mhubiri hawezi kuichukua Entebbe na kuiacha Kagera. Historia ya Amin inahubiri jambo jingine kabisa, ambalo manabii walilisema mapema: damu ya wasio na hatia hulia kutoka ardhini, na mwenye kuimwaga hata akijipendekeza kwa nani itamfikia.

Tena aya yenyewe haiishii pale bahasha zinapoanzia. "Na katika wewe jamaa zote za dunia watabarikiwa." Mkondo wa baraka unaelekea nje, kwa jamaa zote, na Wapalestina wa Gaza na Wasudani wa El Fasher ni miongoni mwa jamaa hizo. Anayetumia agano kuziba masikio asisikie kilio cha jamaa mojawapo ameugeuza mkondo. Na hapa naomba tusichanganye dola na agano. Ufalme wa Israeli ya kale ulikuwa na wafalme, jeshi na mahekalu, na ndani yake Mungu alimtuma Amosi, mchungaji kutoka Tekoa, aende Betheli awaambie kwamba kwa kuwa wao tu ndio aliowajua katika jamaa zote za dunia, kwa sababu hiyohiyo atawaadhibu kwa maovu yao. Katika sura ya 9 anawauliza kama wao si sawa na Wakushi machoni pa Mungu. Kuhani Amazia alimfukuza kama mhaini. Amosi hakuwa adui wa Israeli; alikuwa mwana wa agano aliyelichukua agano kwa uzito kuliko kuhani wa mfalme. Kwa kipimo chake, anayewapenda Waisraeli wa leo ana wajibu wa kuwahoji serikali yao inapowaumiza wanyonge, na anayewapenda Wapalestina ana wajibu uleule kwa walioua na kuteka raia tarehe 7 Oktoba 2023.

Ajabu yangu kubwa ni kwamba tunaitafuta maana ya agano mbali, ilhali kilima cha Nabugoye kiko hapa nje ya mji. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kuiteka nchi ya mashariki kisha akaona ahadi zao zikiyeyuka, alikaa akasoma Biblia ya Kiganda, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni ya Wayahudi, alikubali kuwa Myahudi. Wazao wa jumuiya yake, Abayudaya, wapatao 2,000, wangali wanashika Sabato na kutahiri watoto wao siku ya nane. Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa siri, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, wakabaki mia chache. Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia jioni ileile. Hao walilipia agano. Na bado mamlaka za uhamiaji za Israeli zimesita kuwatambua baadhi yao wanapotaka kwenda kuishi huko. Sisemi kwamba kila mkristo afuate njia ya Kakungulu; Matendo 15 ilikwisha kutujibu. Nasema yeye alielewa jambo ambalo wenye bendera hawajalielewa: aliposoma agano alisoma anachodaiwa.

Waislamu wa Mbale, ambao ni majirani zetu na wasomaji wa ukurasa huu, wanalo jambo la kutuambia hapa. Katika Suratul Baqara, aya ya 40, Wana wa Israili wanaambiwa watimize ahadi ya Mungu naye atatimiza ahadi yao. Na katika aya ya 124, Ibrahimu anapoomba uongozi aliopewa uwafikie na wazao wake, anajibiwa kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Tunatofautiana juu ya mengi, na sitaki kuyafunika. Lakini juu ya hili, kwamba damu ya Ibrahimu mishipani na jina la Ibrahimu mdomoni havimkingi dhalimu, Musa, Amosi, Yohana Mbatizaji kule Yordani na Kurani wako upande mmoja.

Basi mkristo wa Uganda aliyepandikizwa katika shina hili anadaiwa nini? Naanza na mgeni, kwa kuwa Torati inamrudia mara nyingi. "Mpendeni mgeni, kwa kuwa nanyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri" ni sharti la agano, na nchi yetu inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kutoka Sudan Kusini, Kongo, Sudan na kwingineko. Wako Nakivale, wako Bidi Bidi huko Yumbe, na mgao wao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa fedha za wafadhili zilipopungua. Raia wengi wa Uganda, hasa wa West Nile, walikuwa wakimbizi Sudan na Kongo baada ya 1979. Misri yetu tunaikumbuka. Kanisa la Kampala linalokusanya sadaka ya agano lina mahali pa kuipeleka. Inafuata ardhi. Walawi 25 inasema nchi ni ya Mungu na sisi ni wapangaji wake, neno zito kwa madhehebu yanayomiliki maili za ardhi zenye wapangaji wa bibanja juu yake, na zito zaidi pale mpangaji anapofukuzwa kwa barua yenye nembo ya msalaba.

Na ujira. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe siku yake, jua lisichwe kabla hajapata, maana ni maskini na moyo wake umeutazamia ujira huo. Usiku ule wa Pasova, nilipotoka kabla ya alfajiri, niliongea na askari wa lango. Alikuwa na rungu na koti la mvua, na alikuwa hajalipwa tangu Oktoba. Aliniuliza kama ndani wamefikia kuombea mwaka mpya. Desemba hii, kabla bahasha hazijaanza kupita, mhubiri asome aya hiyo ya ujira kwanza, na mweka hazina aende langoni.